Udongo wa Kwanza

Alhamisi usiku, Auburn

Niliomba ruhusa ya saa mbili tu kazini huku ugenini. Baba alikuwa anazikwa leo Bukavu, mipaka imefungwa kwa sababu ya korona, na mimi ndiye kifungua mimba: kwetu hakuna anayetupa udongo kabla yangu. Nilipatana na mdogo wangu Espérance kwamba atashika simu kaburini, nimuage Baba kwa sauti, ndipo atupe kwa niaba yangu.

Bosi wa ghala akasema simu haziingii ndani na zamu haibadilishwi. "Si watarekodi? Utaangalia kesho."

Kana kwamba ni mpira!

Nikavua fulana yao ya kazi, nikamwekea mezani. Mkataba ulikuwa umebakiza wiki chache. Sasa sijui nani ataniajiri na lockdown hii.

Nikakimbia mpaka nyumbani, barakoa ikinikaba. Nilipopiga, Espérance alikuwa analia, akiniita yaya, yaani mkubwa wake. "Yaya, tulikungoja. Wachimba kaburi wakakataa kusubiri."

Nikamuuliza nani ametupa udongo wa kwanza.



"Wao, yaya. Kwa beleshi. Walisema kuna mwingine wa kuzika."