Neno la Sikioni

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nataraji goti limekuachia walau upande ngazi bila kulalamika, na shemeji hajachoka kukukanda. Huku sote wazima wa mwili. Mshono juu ya jicho langu umekauka. Watoto wananiita bondia.

Barua yako imenifikia. Unasema ripoti yangu ya ile mechi ya kikapu utawasomea waamuzi wapya kwenye mafunzo, wajifunze namna ya kuushika mchezo. Hilo ndilo lililoninyima raha hata nikaandika.

Mwanzoni niliushika kama ulivyonifundisha. Ngazi, yule mchezaji mrefu uliyekuwa ukimsifu, alianza kunung'unika robo ya pili. Nikamwinulia kiganja. Akaendelea; nikamwomba nahodha wake amtulize. Robo ya tatu akanipigia makofi ya kejeli mbele ya uso, nikampa faulo ya utovu wa nidhamu, nikageuka nikaenda zangu, maana ulisema mwamuzi hasimami kubishana. Ukumbi mzima ukanizomea. Nilidhani nimetulia.

Dakika nne kabla ya mwisho akanifuata akidai nimenunuliwa. Kikanuni ilikuwa faulo ya pili, atoke, basi. Mimi nikabana mpira kiunoni, nikamvuta kando, nikampa lile neno la sikioni ambalo wewe husema linafaa kuliko filimbi. Akanipiga ngumi moja, nikaenda chini.

Ripoti inasema nilimwonya kwa lugha ya staha. Kamati ya nidhamu ikaamini, ikamfungia maisha. Hata kazi yake ya kufundisha wasichana kikapu pale shuleni wamemnyang'anya. Wazazi hawataki mtu wa ngumi karibu na watoto wao.

Kaka, staha haikuwepo. Mwezi mmoja kabla, Ngazi alikuja kwangu kuomba mechi yao iahirishwe akamzike mkewe, nami nikaiahirisha. Kwa hiyo nilijua vizuri pa kumchoma. Nilimwambia sikioni kwamba sasa naelewa kwa nini mkewe ameona heri akapumzike. Nilitamka polepole, nikitabasamu, ili watu wa benchi wadhani nambembeleza.

Hajamwambia mtu. Nadhani hawezi kuyarudia maneno yale kwa mdomo wake. Jumapili alikuja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti, akautazama mshono wangu, akaniomba msamaha. Mke wangu alikuwa amesimama pale na trei ya chai. Nikamwambia nimemsamehe. Akanishukuru, kaka.

Najichukia, na sioni nitakavyoacha kujichukia. Ripoti ile usiisome. Wasomee hii, kisha uipeleke kwa kamati, kwani mara mbili nimefika mlangoni kwao nikarudi.

Nisalimie shemeji na wanao wote. Filimbi uliyonipa nimeitia humu humu kwenye bahasha.

Ni mimi,
mdogo wako