Mto Nile Uliochimbwa Mkunya

Mama yangu,

Shikamoo. Naandika nimejitanda khanga yako, maana asubuhi huku Mkunya, Newala, ukungu unaingia mpaka darasani.

Leo nilitaka watoto wauone mto Nile. Tukauchimba uwanjani, kwenye udongo mwekundu: mwanzo wake ziwa letu la Mwanza, mwisho wake piramidi za matope. Korosho zilikuwa wakulima wa Misri ya kale, zimepangwa kandokando zikingoja mto ufurike. Nikainua ndoo ya maji nimwage.

Tatu, wa darasa la tatu, akanishika mkono. "Mwalimu, hayo mama kayapandisha kutoka bondeni kichwani. Hatuyamwagi bure."

Mama, niliona haya, mimi niliyekulia ziwani.

Akachukua jembe, akaurefusha mto hadi kwenye miche ya mikorosho ya shule. "Haya, mwaga sasa." Maji yakatambaa polepole ndani ya ukungu, yakawapita wakulima, yakaishia kwenye mizizi. Nikawaambia Wamisri nao waliyaongoza maji mashambani vivyo hivyo. Watoto wakainama, wakiyafuata maji kwa vidole. Walikuwa wameshafika Misri.

Halafu Tatu akaweka korosho moja kando ya ziwa. "Huyu mama yako, Mwalimu."

Nimekukumbuka mno. Kula vizuri, usijichoshe. Na Tatu anakuomba jambo moja: ukienda kufua, povu usilimwage ziwani. Anasema kuna watu huko mbele wanayangoja hayo maji.

Mwanao,
Rehema