Jina Nisiloweza Kulitaja Mahoo

Voi,
Jumapili, baada ya alasiri

Mdogo wangu Halima,

Amani iwe juu yako na juu ya wote mnaolala chini ya bati la baba. Goti linaendeleaje? Nimesikia daktari alikupa dawa ya kupaka na wewe ukaiweka kabatini, eti unangoja liume vizuri kwanza. Paka, Halima. Dawa haiwekwi akiba. Mimi ni mzima. Joto la Voi limenizoea, na vumbi lake jekundu limeingia mpaka kwenye kurasa za msahafu wangu, lakini kifua hakinisumbui tena.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu wewe simu huiweka spika, na haya sitaki yafike kwa muuza maziwa. Ukimaliza kusoma, iweke barua mahali pako.

Ulinicheka niliposema kwamba nimestaafu lakini bado nafanya kazi ya chama chetu cha walimu wa sayansi ya siasa. Ulisema, "Dada, wanasiasa tulio nao hawajatosha, mnaenda kufundisha wengine?" Basi nikueleze tena, taratibu. Hatumfundishi mtu kuomba kura. Tunawafundisha wanafunzi kutazama mahali popote penye amri na kuuliza: ni nani anayeamua, nani alimpa uwezo huo, na nani anaweza kumwambia hapana. Shida yetu ni vitabu. Mtoto wa Mwanda, kule milimani, anakariri mabunge ya Ulaya, anafaulu mtihani, na hajui kamati ya maji ya kwao huchaguliwa vipi. Ndipo walimu wa vyuo kadhaa tukakubaliana kuandika mifano ya kufundishia kutoka huku huku. Mmoja anaandika, na wawili wanaupitia mfano wake kabla haujaingia darasani. Hatulipwi. Mimi ni mpitiaji, na kalamu yangu nyekundu unaijua tangu nikikusahihishia insha.

Mwenzetu mmoja, Mwalimu Mwadime, aliandika juu ya mfereji mmoja wa Mahoo, upande wa Taveta. Huko mashamba hunyweshwa kwa mifereji. Kila mkulima ana zamu ya nusu siku, na kamati ya watu watano ndiyo hupanga zamu. Mwadime alikaa nao wiki nzima akihoji. Katika mfano wake akaandika kwamba siku za soko, mwenye zamu akiwa ameondoka, mwenyekiti huyageuza maji kuelekea shamba lake mwenyewe. Majina yote aliyaficha. Kila aliyezungumza naye aliahidiwa mambo mawili: jina lake halitatajwa, na hatapata madhara kwa aliyoyasema. Mimi pia niliitia sahihi ahadi hiyo, kwa sababu mpitiaji akitaka huweza kuliona daftari la mahojiano. Bila ahadi hiyo hakuna atakayetufungulia mlango.

Mfano ukafundishwa. Mwanafunzi mmoja mwenye kwao Mahoo akapiga picha kurasa zile akazituma kwenye kundi la WhatsApp la kijijini. Watu wakajitambua siku hiyo hiyo. Kwenye ukurasa wa tatu paliandikwa, "mwanakamati mmoja alieleza." Kamati ikakaa, ikamchagua wa kubeba lawama: Mama Eliza, mjane, katibu wao, ambaye ndiye huandika zamu kwenye kitabu. Ndiye aliyempa Mwadime kiti na chai, wakasema, kwa hiyo ndiye aliyempa na maneno. Wakamnyang'anya zamu yake ya maji mpaka atakapotubu. Vitunguu vyake vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza kujaa. Kwa jua la kule, wiki mbili bila maji ni msimu mzima kwisha.

Hayo yote sikuyajua bado mwenyekiti aliponipigia simu. Jina lake sikutajii, wala la mfereji wake, na utaelewa kwa nini.

"Madam, hii kitabu yenu ni mzuri sana. Sisi tumefurahi."

"Ahsante, Mwenyekiti."

"Sasa huyo mwanakamati alieleza, jina yake mliandika mahali?"

"Majina hatuyatoi."

"Najua, najua. Nauliza tu kama iko mahali."

Aliuliza mara tatu, na kila mara alicheka. Halima, mtu aliyeandikwa vibaya hugomba. Huyu alikuwa anacheka. Kicheko kile sikukipenda.

Lakini habari za mjane ziliponifikia, niliyemshuku kwanza ni Mwadime, kwamba maneno yale ameyatunga. Nimeishi sana na walimu, nimewaona wanaoazimwa na wagombea kumchafulia mtu jina. Nikamwita nyumbani, nikampa chai, nikamhoji kama polisi. Nani alikutuma Mahoo? Kwa nini mfereji ule, si mwingine? Akaumia.

"Mwalimu, unanishuku mimi? Si wewe ndiye ulinifundisha?"

"Ndiyo maana najua unachoweza. Lete daftari."

Akaleta. Nikasoma ukurasa kwa ukurasa. Mama Eliza alieleza jinsi zamu zinavyoandikwa, basi. Juu ya mwenyekiti hakusema hata neno. Nilipofika kwenye mahojiano ya mwenyekiti mwenyewe nikayakuta maneno yale, neno kwa neno: "Maji siwezi kuacha ipotee. Mwenye shamba ameenda soko, mimi nafungulia yangu. Hiyo ni akili." Ni yeye, Halima. Alijieleza mwenyewe, kwa kujisifu, kabla hajajua yatasomekaje kwenye karatasi. Kisha akakaa kwenye kikao akimtazama mjane akiadhibiwa kwa maneno yake yeye.

Nami nina sehemu yangu. Kwenye rasimu Mwadime alikuwa ameandika "mtu mmoja wa mfereji." Ni mimi niliyemuuliza ni mtu gani, akasema ni wa kamati, nikakata nikaweka "mwanakamati mmoja," kwa sababu napenda mambo yawe sahihi. Ningeyaacha maneno yake, wangekuwa na mfereji mzima wa kushuku. Mimi niliwapa watu watano, na katika watano wakamchukua asiye na mtu wa kumtetea.

Jumanne nilikwenda Mahoo na Mwadime, siku ya mkutano wa mfereji. Hata kabla hatujakaa, mzee mmoja akawaambia wenzake kwa sauti, "Hawa ni wa kura. Leo wamekuja na kalamu, kesho wanaleta fulana." Wakacheka. Mwenyekiti akasema, "Madam ni mgeni wetu, mpeni kiti." Mama Eliza alikuwa amekaa peke yake pembeni, kitabu cha zamu kimewekwa mapajani pa mtu mwingine.

Nikasimama. Nikasema nimesoma daftari lote, na Mama Eliza hakusema maneno yale.

"Kama si yeye, ni nani?" mzee wa fulana akauliza.

"Aliyesema tulimwahidi kumficha. Mimi siwezi kuivunja ahadi hiyo, lakini yeye anaweza kunifungua. Kama yuko hapa, aniruhusu, nami nitalitaja jina sasa hivi."

Nilitazama viatu vyangu. Ningeinua macho, yangekwenda yenyewe kwa mwenyekiti na watu wote wangeona. Mwingine akapiga kelele, "Asimame basi, ama ni kuku?" Vicheko tena. Kisha nikasikia kiti kikisogezwa. Mwenyekiti amesimama. Nikasema moyoni, alhamdulillahi.

"Wazee," akasema, "hii maneno imeleta chuki. Mimi kama mwenyekiti nimesamehe. Mama arudishiwe zamu yake."

Wakampigia makofi. Mama Eliza akaambiwa ashukuru, akashukuru.

Mwenyekiti akanisindikiza hadi kwenye gari, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Madam, wewe ni mtu wa kuweka siri. Mungu akuongezee."

Mama Eliza alitungoja barabarani. "Umesema si mimi. Sasa ni nani?"

"Siwezi kusema, mama. Niliahidi."

"Na mimi? Mimi hamkuniahidi kitu?"

Tulimwahidi. Hatapata madhara, ndivyo tulivyoandika, kwa sahihi yangu.

Alhamisi akanipigia. Hakunisalimu. Aliiweka simu karibu na mfereji, nikasikia maji yakiingia shambani. Kisha akasema nusu ya vitunguu imekufa, nusu itapona. Halafu akaniuliza, "Shemeji yangu pia ni wa kamati. Tangu jana hatusalimiani. Ni yeye?"

Hebu fikiri ungekuwa mimi. Nikisema si yeye, wanabaki watatu, na ataendelea kuniuliza mmoja mmoja mpaka afike. Nikanyamaza nikitafuta maneno, na kunyamaza kule akakuchukua kuwa jibu.

"Basi nimejua," akasema, akakata.

Nimempigia mara nyingi tangu siku hiyo. Hapokei. Mtu asiye na kosa anatengwa na nyumba ya marehemu ndugu yake kwa sababu ya adabu zangu za kazi.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho asubuhi narudi Mahoo, kwa mwenyekiti, nyumbani kwake, mimi peke yangu. Nitamwambia nampa mpaka mkutano ujao aseme mwenyewe. Asiposema, nitalitaja jina mbele ya wote, Mama Eliza na shemeji yake wakisikia. Kisha nitaandika barua ya kujiuzulu kwenye chama, maana mpitiaji aliyevunja ahadi hafai kukabidhiwa daftari la mtu tena. Mwadime anasema nijiuzulu kwanza ndipo niseme, eti nitakuwa si mpitiaji tena. Nimemwambia huo ni ujanja, nao ndio uliotufikisha hapa. Najua kwa kukuandikia wewe nimekwisha kuipasua ahadi kidogo.

Msinihesabu kwenye harusi ya mtoto wa kaka. Mwambie bibi harusi shangazi yake ana shughuli ya watu na atakuja kumwona akiwa kwake. Nisalimie mjomba anayelinda shamba la minazi, umwambie miwani yake nimeipata. Nisalimie wifi yetu aliyejifungua, na mwalimu wa madrasa jirani yenu, na yule mpishi wa maharusi anayenidai mapishi ya kunde.

Nikiacha kazi hii nitakuambia mwenyewe. Usiniulizie kwa watu.

Dada yako akupendaye,
Zuhura