Chumba Chako Hakinuki

Nagpur, wiki moja kabla ya Diwali

Mwanangu Vaishali,

Njoo ujifungulie nyumbani, chumba chako kiko tayari. Nimekipaka ile rangi isiyo na harufu kali, niliyokuwa nikiiita maziwa kwa wepesi wake. Mama yako alipitisha pua ukutani kama paka: "Baba Vaishali, umepaka kweli au umeosha ukuta tu?" Nimelala humo siku tatu, na kifua hiki cha fundi rangi hakijakohoa hata mara moja.

Jana aliniuliza kama rangi hii ilikuwepo zamani, ulipokuwa ukibanwa na pumu kila nikipaka nyumba kwa sikukuu ya Diwali. Nikamwambia haikuwepo.

Ilikuwepo, mwanangu. Niliiona dukani nikaicheka. Mlete mjukuu wangu apumue.

Baba yako,
Sadashiv