Daktari wa Mama Yako Amesafishwa

Shosti, pokea simu! Kama hupokei, soma hapa.

Si unajua wizara imetutuma kukagua ule mfumo wa kompyuta unaotunza kumbukumbu za makosa ya madaktari? Leo nikamtafuta huyo daktari atakayempasua mama yako.

Alifungiwa! Wagonjwa wawili walimfia kwa uzembe, akakatazwa kushika kisu. Nimesoma kwa macho yangu.

Nikamwita bosi aone. Akasoma, akaniambia, "Nenda kanywe chai kwanza."

Chai! Narudi, kila kitu kimefutwa. Pameandikwa, "Hana kosa lolote."

Nikamuuliza, "Bosi, si tumeona sote?" Akanikazia macho: "Tumeona nini, mdogo wangu?"

Tumeona nini!!

Hata sijakaa, namba ngeni ikapiga. Sauti ya upole kama ya mchumba: "Binti yangu, nasikia unaniulizia. Kuna shida?"

Ni yeye, yule daktari. Namba yangu kapewa na nani kama si bosi?

Nikakata, nikapiga wodini. Nesi anasema mama ameshavalishwa nguo za upasuaji, wanakusubiri wewe tu usaini.

Usisaini. Kazi waichukue, mimi nitasema. Mtoe mama humo, hata kwa kumbeba mgongoni.