Kibaba cha Heshima

Bibi yangu,

Shikamoo. Marahaba nimejijibia mwenyewe, maana hukupenda salamu ibaki hewani, na nyumba imekuwa kimya tangu tulipokuzika.

Nina habari ya mahindi ya serikali. Unakumbuka mihogo ilipokauka, tukawa tunakwenda kupokea msaada kwa karani wa jumbe? Kila mwanamke akishapimiwa, alirudisha kibaba kimoja kwenye gunia la karani. Nilikuuliza njiani kwa nini, ukanicheka mjukuu wako: "Mume wangu, shule yote hiyo na hujui heshima?" Jioni ile ulinipakulia mimi tu, ukasema umeshiba.

Bwana Shauri, yule afisa Mzungu wa wilaya, alipokuja kuuliza kama mahindi yanaibwa, karani alikuwa amesimama pale pale. Ulijibu macho chini: "Hatuibiwi, bwana. Tunatoa heshima tu." Mkalimani akatafsiri, ikaandikwa.

Mwezi uliopita, nikiwa likizo, Bwana Shauri alirudi. Taarifa yake ikasomwa barazani kabla ya kupelekwa kwa wakubwa wake Tanga. Ilisema hakuna wizi, wanawake walitoa zawadi kwa hiari yao, kwa hiyo karani aendelee kugawa mahindi yanayokuja. Bibi, unanijua. Darasani huandika jibu kwenye daftari nikangoja mwingine aliseme. Lakini maneno yale yalikuwa yako, na hayakuwa yako. Nikasimama. Mzee mmoja nyuma akasema, "Leo bubu kanena!" Watu wakacheka.

Nikasema heshima ile haikuwa zawadi, kwani zawadi mtu anaweza kuacha kuitoa. Nikamwomba Bwana Shauri aulize jambo moja tu: asiyerudisha kibaba, alipata nini?

Karani akanikazia macho. Ndipo jirani yetu Mama Saumu, yule mzaliwa wa Mwera, akapaza sauti: "Mimi sikurudisha! Mara ya pili nikaambiwa mahindi yamekwisha, na magunia nayaona, kayakalia yeye!" Baraza likaangua kicheko, na ndani ya kicheko hicho wanawake wengine wakapata ulimi. Hakuna aliyemtukana karani. Walieleza tu walivyorudi kwa watoto na pakacha tupu.

Taarifa imeandikwa upya, Bibi. Karani ameondolewa, kesi yake inangojwa. Juzi mahindi yaligawiwa uwanjani, wanawake wenyewe wakishika kibaba, na Mama Saumu alikilundika hadi kikamwagika. Mchana ule moshi ulitoka kila jiko. Niliposikia mchi wa jirani ukitwanga nilijikuta nalia, lakini si kilio kile cha mazishi.

Wapo wanaosema nimekuaibisha, eti nimetangaza kuwa bibi yangu alidanganya. Hukudanganya. Ulisema kweli kwa adabu, na aliyeandika hakuijua adabu yetu.

Kwaheri, Bibi. Mola akupanulie nafasi ulipolala. Mwalimu anasema nikikaza buti huenda siku moja nikaandikia serikali mimi mwenyewe. Ikiwa hivyo, nakuahidi: sitaandika neno la mtu kabla sijamuuliza lina maana gani kinywani mwake. Na karani nitamwambia angoje nje.

Mjukuu wako,
Athumani