Mchikichi wa Katikati

Mpendwa mama,

Nimestaafu. Chaki nimeiacha, wanafunzi wameniimbia, na nimerudi hapa nyumbani kwako Minago nikiwa na miaka sitini na miwili na mikono isiyo na kazi. Wiki ya kwanza nililala hadi jua likaingia dirishani. Wiki ya pili nikaanza kujiuliza Mungu ananiweka duniani kwa ajili ya nini sasa. Ungenicheka. Uliporudi kutoka ukimbizini Tanzania ulikuwa umeshapita sabini, na swali kama hilo sikukusikia nalo hata siku moja.

"Kwa Mungu hakuna pansiyo," ulikuwa ukisema. "Kama uko na pumzi, uko na kazi."

Nakumbuka siku wazee wa kilima chetu walipogawa shamba letu. Tulimkuta Mama Yohana ameishi humo miaka yote ya ukimbizi wetu, watoto wake wamezaliwa humo, na wazee wakaamua kila upande uchukue nusu. Kamba yao ikapita juu ya mchikichi mmoja mkubwa. Wanaume wakaanza kubishana ni wa nani. Wewe ukainuka na fimbo yako. "Huo mti muuache. Ni wa Bwana."

Nilikasirika, mama, nikisema vingine nitakuwa mwongo. Nilikuambia umekubali kunyang'anywa mara mbili. Ukanitazama kwa upole ulioniudhi zaidi.

"Nimerudi na nusu shamba na watoto wangu wote. Wangapi hawakurudi kabisa?"

Kisha ukafanya jambo linalonishangaza hadi leo. Kila mikungu ya mti ule ilipoiva, ulimwita Mama Yohana. Mlichemsha chikichi, mkatwanga, mkakamua, wewe ukiimba nyimbo za kanisa kwa Kiswahili cha Tanzania, yeye kwa Kirundi, na hakuna aliyekubali kumfuata mwenzake. Mawese yakitoka mlijaza chupa, mkawapelekea wagonjwa na wanawake waliojifungua. Kwa goti lako lile bovu! Nilipokukataza ulinijibu kwamba goti litapumzika kaburini. Nimefundisha dini darasani miaka thelathini, mama, na sijawahi kutoa somo kama lile.

Sasa nikiri. Wiki mbili baada ya kukuzika nilipanda ua wa miyenzi, ile miti ya utomvu mkali tunayowekea mipaka, kutoka barabarani hadi mwisho wa shamba. Mchikichi wenu nikauacha upande wetu. Mimi nikarudi zangu mjini Rumonge kufundisha, na matunda yakaoza chini msimu baada ya msimu.

Jumapili iliyopita, kanisani, tuliambiwa tutaje wagonjwa wa kuombewa. Mama Yohana akasimama taratibu, akataja majina saba, na kwa kila mmoja akaeleza alivyomwacha juzi alipomtembelea. Kumbe hakuacha hata siku moja. Amekuwa akienda mikono mitupu, kwa sababu yangu. Nilishindwa kuimba kwa aibu.

Jumatatu asubuhi nilichukua panga, nikaukata ule ua, hatua kumi kila upande wa mchikichi. Utomvu umeniunguza mikono, bado inawasha ninapoandika. Nikapita pale penye uwazi hadi jikoni kwake. Nilikuwa nimejipangia hotuba ndefu ya kuomba radhi, unanijua nilivyo, lakini kilichotoka ni "Mama, nisamehe" tu.

"Amahoro, amani kwako, mwana wetu," akasema bila kuinuka. "Nilikuona tangu asubuhi uko unakata. Maji iko kwa moto. Yohana anaenda kukata mikungu."

Nilikaa pale chini, kwenye kigoda ulichokuwa ukikalia wewe, nikalia.

Nilikuwa nakuona mnyonge, mama. Leo najua sijakutana na mtu mwenye nguvu kama wewe, na ninaona uchungu kwamba hukuyasikia haya kutoka kinywani mwangu.

Jana tulipeleka chupa nne. Njia nzima Mama Yohana aliimba kwa Kirundi. Mimi niliimba kwa Kiswahili chako, na sikumfuata.

Pumzika, mama, wewe na goti lako. Kazi nimeipata.

Ni mimi, mwanao wa kwanza, niliyepanda ua.